Gari la Hapa au la Japani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ubora na Uimara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara: ya mwalimu aliyepitishiwa mkopo wa SACCO, ya mwenye matatu anayetaka kuongeza ya pili, ya kijana wa Kahama aliyetumiwa picha sita na dalali akaambiwa alipe leo. Mifano mingi ni ya Kenya, kwa sababu huko ndiko viwanda vya kuunganisha magari vina historia ndefu, na huko ndiko sheria ya umri wa gari inabana zaidi. Tanzania, Uganda na majirani wengine wanatajwa pale mambo yanapotofautiana. Maswali yamepewa namba ili jambo likishajibiwa lisirudiwe.

## Misingi

1. Mtu akisema "gari la ndani" anamaanisha lipi?

Ubishi mwingi unaanzia hapa. Kuna gari jipya lililounganishwa nchini: lori la Isuzu la Nairobi, Land Cruiser ya Mombasa. Kuna gari lililotumika hapa, haijalishi liliundwa wapi. Nairobi utasikia "hili ni la namba ya KC", Dar es Salaam "hili ni namba D", yaani herufi za namba ya usajili wake wa hapa. Fielder iliyoshuka melini miaka kadhaa iliyopita na kukimbizwa Thika Road tangu siku hiyo, sokoni leo inahesabiwa ya ndani. Upande wa pili kuna la kuagiza, ambalo kwa wengi wetu ni la mtumba kutoka Japani.

Humu tutasema "la kiwanda cha hapa", "lililotumika hapa" na "la Japani". Ni vitu vitatu. Ukimsikia mtu anabishana bila kutaja anazungumzia lipi kati ya hayo, mwache amalize kwanza kahawa yake.

2. Afrika Mashariki haijawahi kubuni gari lake yenyewe?

Imejaribu. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa hadharani. Zilitengenezwa tano, kisha fedha zikakauka. Mobius, kampuni iliyoanzishwa Kenya na Mwingereza Joel Jackson, ilitengeneza gari gumu la barabara mbovu kwa miaka kadhaa. Agosti 2024 ilitangaza kufunga, baadaye ikapata mnunuzi. Tanzania ina Nyumbu, Kibaha, kituo kilicho chini ya jeshi. Uganda ilianza na Kiira EV ya Makerere mwaka 2011, kisha ikageukia mabasi ya umeme.

Kwa mtu anayetafuta gari la kupeleka watoto shule, hakuna kati ya hayo linalongoja yadi. Kwa hiyo kulinganisha kwetu ni kati ya magari ya kigeni yaliyofungwa hapa na magari ya kigeni yaliyofungwa kwingine.

3. Kuunganisha ni nini hasa? Si ni kukaza nati tu?

Kuna viwango. Kiwango cha juu, gari hufika kwenye makontena likiwa vipande: mabati ya bodi bila rangi, injini nzima, giaboksi nzima, nyaya, viti, vioo. Kiwanda kinachomelea bodi, kinaisafisha kwa kemikali, kinaipaka rangi, kisha kinapanga mengine yote juu yake. Kiwango cha chini, bodi inafika imeshapakwa rangi, kazi inayobaki ni kufunga injini, matairi na baadhi ya vitu vya ndani.

Kenya ina viwanda vitatu vya zamani, vyote vya miaka ya 1970: kile cha Nairobi kilichoanza kama General Motors na kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017, KVM ya Thika iliyoanza kama Leyland, na AVA ya Mombasa. Volkswagen Polo Vivo zilianza kufungwa Thika Desemba 2016 kwa vifaa kutoka Afrika Kusini; Kigali nayo ilifungua kiwanda cha Volkswagen mwaka 2018.

Sababu ya kufanya hivyo ni kodi. Gari zima likiingia Kenya linatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35 kabla ya kodi nyingine. Vifaa vya kuunganisha vinasamehewa ushuru huo. Vitu vinavyotoka hapa hapa ni vichache: betri, springi za majani, viti, vioo, baadhi ya nyaya. Matairi yalikuwemo, mpaka kiwanda cha Nairobi kilipofungwa mwaka 2016.

4. Kwa nini Wajapani wauze magari ambayo bado ni mazima?

Kwa sababu ya ukaguzi wao wa lazima, unaoitwa shaken. Gari la binafsi likiwa jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Kila safari ya ukaguzi ina gharama: ada, kodi ya uzito, bima ya lazima, na spea zozote zitakazoonekana zimechoka. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona heri aongeze kidogo achukue jipya.

Sasa hesabu pamoja naye: mwaka wa 3, wa 5, wa 7. Gari linaloachwa kabla ya ukaguzi wa mwaka wa saba linaingia moja kwa moja kwenye tundu la sheria ya Kenya, inayokataa gari lililozidi miaka 8. Mwaka 2025, kwa mfano, mlango ulikuwa wazi kwa magari ya 2018 na kuendelea. Ndiyo maana yadi za Mombasa zimejaa magari ya umri mmoja kana kwamba yalizaliwa wodi moja. Tanzania haikatai gari zee, ila inalitoza ushuru wa uchakavu likifika miaka 8, na zaidi likipita 10. Ndipo unapokuta Dar es Salaam gari ambalo Mombasa lisingeshuka. Uganda tangu 2018 inakataa yaliyozidi miaka 15.

## Nani bora kuliko nani

5. Gari jipya lililounganishwa Thika au Mombasa ni duni kuliko lile lile lililofungwa nje?

Kwa mambo yanayoamua umri wa gari, hapana. Injini na giaboksi vinafika vimekamilika kutoka kwa mwenye chapa, ambaye ndiye anayekagua kiwanda na kusimamia kila hatua, maana jina ni lake. Kasoro za kuunganisha huonekana kwenye vitu vidogo: mlango unaolia kwenye matuta, mpira wa kioo unaovujisha mvua, waya uliobanwa vibaya nyuma ya dashibodi, rangi yenye chembe. Zinakera, lakini hujitokeza miezi ya mwanzo, gari likiwa bado chini ya garanti.

Udhaifu wa viwanda vyetu upo kwenye wingi. Mstari unaotoa magari machache kwa siku, tena ya aina tano tofauti, haumpi fundi nafasi ya kurudia kazi moja mpaka mkono uzoee. Kwa malori, ambayo yanafungwa kwa wingi na kwa miaka mingi, tatizo hilo halionekani. Kwa magari madogo ya abiria, ambayo mradi huanza na kukatika, ningetazama kwanza kama chapa hiyo bado itakuwepo nchini baada ya miaka mitano. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko ufundi wa Thika.

6. Basi kwa nini fundi wangu anasisitiza "chukua la Japani"?

Kwa sababu yeye analinganisha la Japani na lililotumika hapa, halafu wewe unasikia kama anakataa la kiwanda cha hapa. Analoliona gerejini kila siku ni gari lililopita mikononi mwa watu watatu, lililomwagiwa oili ya bei rahisi, lililonyooshwa bodi chini ya mwembe. Anayo haki ya kuliogopa. Lakini gari jipya la kiwanda cha hapa haliji gerejini kwake kwa miaka ya mwanzo. Linaenda kwa wakala, kwa hiyo yeye hana la kusema juu yake.

Tena, msikilize fundi kuhusu spea na ubovu anaoushika kwa mkono wake. Kuhusu bei na mkopo, muulize mtu mwingine.

7. Gari lililoundwa kwa soko la Japani lina tofauti gani na lililoundwa kwa ajili ya Afrika?

Tofauti zipo, na ukizijua mapema hutalaumu gari bure. La Japani limetengenezwa kwa lami safi: shokapu laini, gari liko chini, bati la kulinda injini kwa chini halipo au ni plastiki. Ndiyo sababu ya watu kuweka spesa juu ya springi mara tu gari linapofika. Spesa fupi haina neno. Ndefu inabadilisha pembe za eksli, na buti za mpira zinachanika mapema.

Redio ya Japani inaanzia megahezi 76 na kuishia kwenye 90 au 95, wakati stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Menyu ziko kwa Kijapani. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba toleo la Afrika huwa na injini ya teknolojia ya zamani kidogo, inayovumilia mafuta ya wastani, wakati toleo la Japani la mwaka huo huo limejaa sensa na vichujio vya kutunza mazingira. Tazama swali la 16 kuhusu dizeli.

Kuna alama rahisi ya kuyatenganisha. Gari la soko la Japani lina namba ya chasisi fupi, kama NZE161 ikifuatiwa na tarakimu saba. La soko la nje lina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Hilux ikianza na AHT imetoka Afrika Kusini; ikianza na MR0, Thailand. Muuzaji akikwambia "hii ni Japani halisi" na chasisi inaanza na AHT, ujue amekariri tu.

8. Lililotumika hapa miaka mitano, au la Japani la miaka saba kwa bei hiyo hiyo?

Kama lililotumika hapa ni la mtu unayemjua, lina vitabu vya huduma, na hujaliona likibeba abiria wa programu za simu, lichukue. Limeshaonyesha tabia yake kwenye mashimo yetu, limeshabadilishwa bushi, na historia yake unaweza kuifuatilia kwa simu mbili tatu. La Japani linahitaji miezi sita ndipo likuonyeshe linaumwa nini.

Kama linauzwa na broka asiyemjua mwenye gari, chukua la Japani lenye karatasi ya mnada (swali la 10). Kiwango cha chini cha utunzaji Japani kiko juu kuliko chetu kwa sababu sheria inawalazimisha. Hapa, magari ya abiria na ya mizigo hukaguliwa kila mwaka. La binafsi linaweza kukaa muongo mzima bila mtu kulitazama kwa chini.

9. Ni kweli magari ya Ulaya hayafai huku?

Yanafaa kwa anayemudu kuyatunza. Bei ya kununua hushuka haraka, bei ya spea haishuki kamwe, na hapo ndipo watu wanapoumia. BMW au Mercedes iliyotumika Japani mara nyingi huwa safi kuliko iliyotumika Uingereza, lakini plastiki na mipira ya mfumo wa kupoza injini inazeeka popote ilipo.

## Kukagua kabla ya kulipa

10. Karatasi ya mnada inasomwaje?

Magari mengi ya Japani hupita mnadani kabla ya kuja kwetu, na kila gari hupewa karatasi na mkaguzi wa mnada, mtu asiye na faida katika mauzo yako. Idai. Muuzaji akisema "hii haikupitia mnada", inawezekana ni kweli, lakini basi punguzo lionekane.

Pembeni juu kuna daraja. S au 6 ni kama jipya, 5 na 4.5 ni safi sana, 4 ni zuri, 3.5 lina mikwaruzo na vibonyeo vya kawaida, 3 limechoka kwa macho. R, RA au 0 ni gari lililowahi kugongwa sehemu za kiunzi na kutengenezwa. Kuna pia herufi ya hali ya ndani, A ikiwa bora. Minada haifanani kabisa kwa madaraja, ila tofauti ni ndogo.

Chini kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, na juu yake alama. A ni mkwaruzo, U kibonyeo, W sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S kutu, C kutu iliyokula bati, X kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX kipande kilichobadilishwa. Tarakimu inayofuata ni ukubwa: A1 utaitafuta kwa tochi, U3 utaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. Ukiona W kwenye mlango mmoja, usikimbie. Ukiona XX kwenye boneti na W kwenye pande mbili za mbele, gari hilo lilipiga kitu kwa uso, hata kama daraja ni 4.

Wengi wanakataa 3.5 bila kufikiri. Mimi ningechukua 3.5 yenye A na U nyingi, kwa sababu hiyo ni mikwaruzo ya maegesho ya dukani, kuliko 4 yenye S na C chini ya bodi. Kutu ya Hokkaido, kule wanakomwaga chumvi kwenye theluji, haiponi hapa. Unyevu wa Pwani unaipa chakula.

11. Nitajuaje kama odomita imerudishwa nyuma?

Karatasi ya mnada ina kilomita za siku ile. Cheti cha kutolea gari Japani nacho hubeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Dashibodi ikiwa chini kuliko yoyote kati ya hizo mbili, mazungumzo yameisha.

Kisha fungua mlango wa dereva utazame ukingo wa bodi. Gereji za Japani hubandika stika ndogo kila wakibadilisha oili, yenye tarehe na kilomita. Mwaka huandikwa kwa kalenda yao: Reiwa, ongeza 2018, Heisei, ongeza 1988. R5 ni 2023, H28 ni 2016. Stika ikisema R3 na kilomita 98,000, halafu dashibodi inasema 61,000, hakuna haja ya kuuliza. Na kama pale kuna gundi tu ya stika iliyobanduliwa, waulize nani aliibandua na kwa nini.

Mwisho tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani pale mikono inaposhika, na ukingo wa kiti cha dereva. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolika mpaka chuma.

12. Cheti cha ukaguzi cha kabla ya kusafirishwa hakitoshi?

Kinaonyesha kwamba siku ya ukaguzi gari lilikuwa na breki, taa na chini isiyooza, na kwamba linakidhi masharti ya shirika la viwango la nchi yako. Kwa Kenya ni KEBS. Hakina garanti ya injini wala giaboksi.

13. Na lililotumika hapa nilikague vipi?

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho kabisa: alama ya tope kwenye kitambaa cha ndani ni gari lililozama. Mafuriko ya Nairobi na Dar es Salaam yamerudisha sokoni magari mengi yaliyooshwa vizuri. Inua zulia chini ya kiti, nusa. Soma tarakimu nne za tarehe kwenye matairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Lipitishe kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kisha uliendeshe nusu saa na usome tena, kwa sababu kufuta makosa ya kompyuta ni kazi ya dakika moja. Na kabla ya kutoa hata arubuni, thibitisha kwenye mfumo wa serikali kwamba jina la mwenye gari ndilo la anayekuuzia na kwamba benki haina mkono humo.

## Matunzo na spea

14. Spea za lipi ni rahisi kupatikana?

Za lile ambalo jirani zako watatu wanalo. Probox, Fielder, Vitz, Isuzu NQR: ukiharibikiwa Voi au Singida utapata kitu. Kirinyaga Road ya Nairobi, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, Gerezani ya Kariakoo na Kisekka ya Kampala zinaishi kwa gari za aina hizo.

Uzuri wa gari la kiwanda cha hapa ni kwamba wakala analazimika kuweka akiba ya spea zake halisi. Ubaya ni kwamba toleo letu likiwa la peke yake, halina ndugu wa mtumba wa kukatwa. Taa ya mbele ya Fielder utapata ya Japani iliyotumika kwa bei ya kawaida. Ya gari lililofungwa Thika mia chache tu, utaagiza na kusubiri.

Feki ni janga la pande zote. Filta ya oili yenye boksi zuri na bei ya nusu ni kadibodi. Nunua duka ambalo fundi wako haendi kuchukua asilimia.

15. Garanti ya gari jipya la hapa ina maana yoyote?

Ina maana ukifuata masharti. Kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, na huduma zote zifanywe kwa wakala kwa tarehe zake. Ukibadilisha oili mtaani mara moja, umewapa sababu ya kukataa. La mtumba la Japani halina garanti ya mtengenezaji hapa kwetu. "Garanti" ya yadi ni ahadi ya mtu, isome kama ahadi ya mtu.

## Hali za pekee

16. Dizeli ya Japani ina tatizo gani?

Dizeli ya Japani ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango hadi 50 kuanzia 2015, hatua kubwa, lakini magari mapya ya dizeli ya soko la Japani yana kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi kilichokusudiwa mafuta safi zaidi. Kichujio hujisafisha kwa kuchoma masizi gari likiwa moto na likienda kwa kasi kwa muda. Mazda CX-5 ya dizeli inayoshinda kwenye foleni ya Mombasa Road haipati nafasi hiyo, inaziba, inawasha taa, inapoteza nguvu. Gari zuri kwa anayesafiri Nairobi na Eldoret kila wiki, mateso kwa wa kwenda sokoni na kurudi.

17. Haibridi, umeme na gia za CVT vinavumilia huku?

Haibridi za Toyota, kama Aqua na Fielder ya NKE165, zinavumilia kuliko zinavyosemwa. Adui ni vumbi: betri inapozwa na feni inayovuta hewa karibu na kiti cha nyuma, na feni hiyo ikiziba betri inaiva. Isafishwe kila huduma. Abiria akiweka mfuko wa mkaa mbele ya tundu lile, ni juu yako.

Nissan Leaf ya mtumba ya Japani haina mfumo wa kupoza betri kwa maji wala kwa kiyoyozi, kwa hiyo joto linaila. Hesabu vijiti vya afya ya betri kwenye dashibodi, vikiwa kamili ni 12, na usinunue kwa picha.

CVT, otomatiki inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za hatua, inauawa na oili isiyo yake. Kila chapa ina oili yake ya CVT, na oili ya kawaida ya otomatiki ikimwagwa humo mkanda wa chuma unateleza. Simama hapo fundi akifungua dumu.

18. Nimesikia kuhusu mifuko ya hewa inayoua. Inahusu gari langu?

Huenda. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyofungwa kwenye chapa nyingi zikiwemo Toyota, Honda, Nissan na Mazda, ilitumia kemikali ya amonia naitreti ambayo hudhoofika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ajali ikitokea, kopo linalojaza mfuko linapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni. Yaliyoitwa kurekebishwa duniani yanakaribia milioni 100, na Takata ilifilisika mwaka 2017.

Sisi tumekaa pabaya kwa sababu mbili. Joto na unyevu ndivyo vinavyoiharibu, na Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar vinavyo mwaka mzima. Pili, mtengenezaji akiita magari ya Japani, barua inaenda kwa mwenye gari wa Japani; wewe uliyelinunua yadi ya Miritini, Mombasa, hujulikani. Gari jipya la wakala wa hapa limo kwenye daftari lake, na hilo ni jambo moja ambalo la kiwanda cha hapa linalishinda la Japani waziwazi.

La kufanya: chukua namba ya chasisi kamili, iingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kuangalia magari yaliyoitwa, upande wa Japani. Ukikuta limeitwa na halijarekebishwa, nenda kwa wakala wa chapa hiyo nchini na uulize kwa maandishi.

19. Kwa gari la kazi, lori, matatu au la watalii, nichukue lipi?

Hapa sina kigugumizi: la kiwanda cha hapa, kama mtaji upo. Matatu za Isuzu NQR zinauzwa kama chasisi na kichwa, kisha bodi inajengwa Nairobi na watu wanaojua uzito utakaobebwa na barabara itakayopitiwa. Isuzu Elf mpya za Japani, ndugu zake wa damu, zinakuja na kichujio cha swali la 16.

Land Cruiser 70 ni mfano mzuri zaidi. Ile yenye dizeli ya 1HZ, lita 4.2, bila tabo na bila kompyuta ya kuogopesha, imeshikilia polisi, mashirika ya misaada na hifadhi zetu kwa miongo. Japani iliacha kuuza 70 kwake mwaka 2004, ikairudisha kwa muda mfupi mwaka 2014 na injini ya petroli. Maana yake, hilo unalolitaka hulipati kwenye mtumba wa Japani wa miaka ya karibuni. Gereji za Arusha zinalikata, zinalirefusha na kuliinua paa kwa ajili ya Serengeti. Anayenunua lililorefushwa atazame viungo vya chasisi kwa chini kabla ya kutazama viti.

20. Niko Bujumbura, Kigali au Goma. Usukani wa kulia ni shida?

Kwenu mnaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo gari la Japani linakufanya uchungulie nusu bodi nje ndipo uone kama njia iko wazi kupita lori. Rwanda ilizuia kuingiza ya usukani wa kulia tangu 2005. Burundi na mashariki ya Kongo utayakuta mengi, kwa sababu ya bei. Usijaribu kuhamisha usukani gerejini. Rafu, waya na mfuko wa hewa havikuundwa kwa hilo.

21. Na ya Singapore au Uingereza?

Ya Singapore huachwa mapema kwa sababu ya kibali cha miaka 10, hayana kutu ya chumvi, ila yamekaa foleni na joto: angalia rejeta na mipira. Ya Uingereza yana kilomita nyingi na chumvi ya barabarani. Lipandishwe juu ulitazame kwa chini kwanza, bei baadaye. Kwa yote mawili maswali ya 12 na 13 yanatosha; stika za mlangoni za swali la 11 hutazikuta.